Hodi Kwenye Kamera

Yaliyompata rafiki yangu Juliana, wa Kibaha, nayaandika kama alivyonisimulia, na Mungu anisamehe nikiongeza neno.

Mumewe Evance alimpigia simu kutoka shambani Kibuta, kule Kisarawe. "Mama Wema, umebadilisha paswedi ya ruta? Ile ya kiwandani kila mwizi wa mtandao anaijua."

"Aa, baba Wema, sisi mlinzi wetu Mungu."

"Mungu analinda, lakini komeo ufunge mwenyewe!"

Juliana akacheka, akaifuata ruta sebuleni. Mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza nyumba nzima. Mtoto wao mchanga, Wema, alikuwa amelala chumbani, chini ya kamera ya kumwangalizia, iliyounganishwa na ruta hiyo. Mara kamera ikakwaruza, na sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Hodi."

"Karibu," Juliana akaitikia, kwa mazoea tu, kama alivyolelewa.

Ndipo akakumbuka kuwa nyumbani hakuna mwanamume. Akachomoa ukutani ekstensheni iliyopeleka umeme kwenye ruta na kamera. Ruta ikazimika, na kamera nayo ikazimika. Akasikia mvua ikianza kugonga bati, na Wema akipumua.

Kisha kutoka chumbani, pale pale kitandani kwa mtoto, sauti ile ikajibu, "Nimeshakaribia."