Fundi Dakika na Madigadi ya Kushoto

Ndugu wananchi, wazazi na walezi, wazee kwa vijana, na ninyi mliokaa nyuma kabisa mkidhani siwaoni: nimeshika kalamu leo kwa huzuni kubwa ili niwaonye juu ya gonjwa linalobomoa nyumba zetu bila kubisha hodi. Gonjwa hilo si ulevi. Si kamari wala umbeya. Gonjwa hilo lilianza na madigadi ya gari.

Msicheke. Jambo lenyewe ni zito.

Palikuwa na fundi saa mmoja aliyeitwa Dakika, kwa sababu ukimwuliza kazi yako itakuwa tayari lini alijibu, "Dakika moja tu," na dakika yake ilikuwa na wiki mbili ndani. Hata hivyo, saa iliyotoka mkononi mwake ilikuwa imepona kweli. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Katika chumba cha pili mkewe alishona sare za shule, na nyuma, uani, chini ya turubai, lilikaa gari.

Lilikuwa gari la zamani, la mviringo, lenye taa mbili za duara kama macho ya mtu aliyeambiwa habari ya kushtusha. Siku ya harusi yao Dakika alilikodi kumleta bibi harusi nyumbani. Miaka mingi baadaye alilikuta nyuma ya kinu cha nafaka, limeota majani hadi kwenye usukani, akalinunua kama mtu anayemkomboa ndugu yake. Tangu hapo, kila jioni, alivaa lenzi yake ya jichoni na kukagua kutu, huku mkewe akipiga pindo za sketi mlangoni na kumtania, "Baba, hilo gari nalo ulitolee mahari basi, nijue nina mwenzangu."

Nyumba ilikuwa na amani. (Walikuwa pia na mtoto mmoja anayesoma shule ya bweni, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Ni mtoto mwenye heshima na akili nyingi, na hahusiki kabisa na habari hii.)

Kazi ya kutafuta vipande vya bodi ya gari la aina ile si kazi ya mtu mwenye haraka. Viwanda viliacha kuvitengeneza zamani. Boneti aliipata ikiwa paa la banda la kuku, na mwenye kuku hakuiachia mpaka alipoletewa mabati mawili mapya. Mlango wa kulia ulikuwa lango la bustani ya mboga. Bampa ilikuwa kwa kinyozi, wateja wakiwekea miguu, na kinyozi mwenyewe hakujua kuwa ni bampa. Kilichobaki ni kimoja tu, madigadi ya mbele kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, na bila hiyo gari lilionekana kama mtu aliyeng'olewa shavu.

Aliyeahidi kuitafuta alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, fundi wa kunyoosha bodi za magari aliyeitwa Nyundo. Mkono wa Nyundo ulijulikana: bati likipita kwake lilitoka limenyooka kuliko lilivyozaliwa. Kwa miezi minane alizunguka kwenye yadi za vyuma chakavu, na siku moja akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Shemeji, nimeipata! Yenyewe! Ya kiwandani! Jumamosi nakuletea."

Dakika alimkumbatia mpaka lenzi ikaanguka.

Kesho yake asubuhi karatasi ilipenyezwa chini ya mlango wa duka. Iliandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda: MADIGADI UNAYOLETEWA NI PUTI TUPU. KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. NI MIMI, MPENDA HAKI.

Puti ni ule udongo laini ambao mafundi huzibia mashimo ya bati, wakapiga msasa, wakapaka rangi, ukadhani ni chuma. Dakika aliisoma karatasi ile mara tatu, mara ya tatu kwa lenzi. Kisha akawasha kiberiti, akaichoma hadi ikawa majivu, akayapuliza nje ya dirisha. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia mtu yeyote.

Hapo, ndugu zangu, ndipo shaka ilipovua viatu na kuingia ndani.

Siku hiyohiyo alibomoa spika ya redio mbovu akatoa sumaku, akaifunga kwa kitambaa. Maana sumaku hushika chuma, lakini puti haishiki. Fundi saa anajua pia kwamba sumaku na saa havikai chumba kimoja, kwa hiyo aliiacha garini, chini ya kiti. Aliipitisha kwenye boneti, ikashika. Akaipitisha kwenye mlango, ikashika. Angekuwa mtu mwingine angepumua. Yeye akajiuliza: na je, kama kuna mtu ameibadilisha sumaku yenyewe?

Kuanzia hapo aliibeba mwilini. Akawa anapima kila kitu: lango la jirani, sufuria mpya ya mkewe, kijiko cha chai alichokaribishiwa.

"Unatafuta nini kwenye kijiko cha watu?" mkewe alimnong'oneza.

"Natafuta ukweli."

"Ukiupata uukoroge na sukari, chai inapoa."

Jumamosi Nyundo alifika na mkokoteni, madigadi imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Aliifunua kwa fahari. Mkewe Dakika akapiga kigelegele. Dakika aliinama. Alitoa sumaku akaanza kuipitisha polepole kuanzia nyuma. Ikashika. Ikashika. Juu ya gurudumu ikashika. Alipofika kwenye maungio, karibu na tundu la taa, sumaku ikateleza ikaanguka chini.

Akairudisha. Ikaanguka tena.

"Shemeji," alisema Nyundo akitabasamu, "hapo usiwe na wasiwasi, hapo ndipo pa..."

"Hapo ndipo pa kuniibia," Dakika akamkata. "Miezi minane! Kumbe ulikuwa unakanda puti!"

Nyundo alifunga mdomo, tabasamu likabaki peke yake usoni bila mwenyewe, kisha nalo likaondoka.

"Siku unamwoa dada yangu," alisema taratibu, "mlango wa gari hili niliufungua mimi. Leo unaniita mwizi mbele yake?"

"Sumaku haina shemeji."

Nyundo akaifunika madigadi, akashika mkokoteni wake, akaondoka bila kugeuka.

Mkewe Dakika aliingia ndani. Alitoka na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kanga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka. Ukimwita yeye mwizi, mimi ni dada wa mwizi, na dada wa mwizi hakai na mtu mwenye vitu vya thamani. Siku ukienda mwenyewe kwa miguu yako kumtaka radhi, nitarudi."

Dakika aliutazama mfuko wake wa shati. Sumaku ilikuwepo. Akaona afadhali ana kitu kimoja cha kuaminika duniani.

Sasa sikilizeni jinsi shaka inavyokula mshahara wake. Wiki ya pili wateja walianza kurudi. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu, amekunja uso.

"Fundi, saa uliyonitengenezea inakimbia. Jana nimeruhusu wanafunzi nusu saa kabla. Wamenishangilia mpaka getini. Sijawahi kushangiliwa tangu nianze kazi."

Akafuata muuguzi aliyefika zamu mapema siku nne mfululizo, na hakuna aliyemshukuru. Akafuata fundi viatu. Saa zote zilizopita juu ya meza ya Dakika zilikuwa zimepata wazimu uleule: zinakimbia kana kwamba zinafukuzwa. Alizifungua, akazisafisha, akazifunga. Zikakimbia zaidi.

Je, alijichunguza? Ndugu zangu, mwenye shaka huchunguza kila mtu. Kwanza alimtuhumu muuza mafuta ya saa. Kisha fundi viatu, eti anamwonea wivu. Mwisho akaamua kwamba Nyundo ndiye anayetuma watu kuja kumharibia jina. Akaweka kufuli la pili. Akawa anapokea wateja kupitia uwazi wa dirisha, jicho moja tu likionekana, nalo lina lenzi.

Siku moja mkewe alikuja kuchukua uzi aliousahau. Mwalimu mkuu alikuwapo dukani pamoja na muuguzi, wamekuja kwa mara ya tatu na kugoma kuondoka dirishani mpaka wafunguliwe mlango. Dakika alikuwa ameinama juu ya saa ya mwalimu, ameshika skrubu ndogo kama punje ya mchanga kwa kibano. Akafungua kibano ili skrubu idondoke mahali pake. Haikudondoka. Akakitikisa. Skrubu iling'ang'ania.

Uso wake ukabadilika. Springi ya ndani ya saa ni nyembamba kuliko unywele; ikipigwa na sumaku mizunguko yake hugandana, na saa hukimbia. Kila fundi saa analijua hilo siku ya kwanza ya kazi.

"Kuna sumaku humu!" alipiga kelele. "Kuna mtu ameniingizia sumaku dukani! Mnataka kuniua kwa njaa!"

Akamwaga droo sakafuni. Akapindua viti. Akamwambia mwalimu mkuu ageuze mifuko, na mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka mingi amegeuza mifuko ya watoto wa watu, akageuza yake. Muuguzi akavuliwa viatu. Kisha Dakika akamgeukia mkewe.

"Na wewe. Fungua mkoba."

"Mimi?"

"Umetoka kwa nani? Fungua."

Mama wa watu aliuvua begani. Alimpa mkoba wote. Dakika akaupekua mbele ya wageni: kanga ndogo, sindano kwenye karatasi, kitana, na kipande cha muhogo alichokuwa amemletea ale, kwa sababu alisikia kwamba mumewe hali chakula vizuri. Aliinama kuokota kile kitana kilichoanguka, na kibano alichokuwa bado amekishika kikapita karibu na kifua chake.

Kibano kilimtoka vidoleni chenyewe. Tk! Kikaganda kwenye mfuko wa shati lake, kinaning'inia.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alirudisha mifuko yake ndani, mmoja baada ya mwingine. Muuguzi alivaa viatu. Mkewe aliokota mkoba, akaacha muhogo mezani, akatoka.

Dakika alikaa pale mpaka chai ya asubuhi ikawa ya baridi kama maji ya mtungi. Halafu akaitupa sumaku shimoni chooni, akaenda kwa miguu hadi gereji ya Nyundo. Alimkuta anagonga mlango wa basi.

"Shemeji," alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Madigadi hata kama ni puti, naitaka. Nilikosea kukuita vile."

Nyundo aliweka nyundo chini. "Kwani nani kakwambia ni puti?"

"Sumaku iliangu..."

"Iliangukia kwenye risasi. Si ya bunduki. Ile metali laini inayoyeyuka upesi. Magari ya zamani yale, kiwandani waliziba maungio kwa risasi iliyoyeyushwa. Sumaku haiishiki. Ukiona imeanguka pale na si kwingine, ujue kipande ni chenyewe, hakijaguswa tangu kizaliwe. Ndiyo nilitaka kukuonyesha. Ulinikatiza."

"Iko wapi?"

"Nilikaa nayo siku tisa nikikungoja, hata dada alinikuta naifuta vumbi. Ya kumi alikuja daktari wa meno, ana gari kama lako. Nikampa."

Wakatazamana. Nyundo akamsogezea Dakika kigoda, akamsamehe, kwa kuwa shemeji hatupwi. Mkewe akarudi nyumbani na cherehani yake. Ila hadi leo mkoba wake akiingia nao ndani hukaa nao mapajani, na Dakika akiuona hutazama pembeni. Gari bado liko chini ya turubai, halina shavu. Daktari wa meno hauzi. Nyundo anasema nyingine kama ile huenda ipo mahali, na huenda haipo.

MAFUNZO

Enyi wananchi, jifunzeni. Shaka ukiibeba kifuani kwa ajili ya wengine, itaharibu kwanza kilicho karibu na kifua chako. Mtu akianza kukueleza, mwache amalize. Neno lililokatwa katikati limevunja nyumba nyingi kuliko matusi. Usimpekue anayekuletea chakula. Na barua isiyo na jina la mwandishi usiipe kiti nyumbani mwako, kwa maana aliyeiandika hayupo kulipa hasara.

Hapa nilikuwa nimepiga mstari wa mwisho, wa rangi nyekundu, kwa rula. Sikujua Mama amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Umeandika vizuri," alisema. "Nina swali. Ile karatasi baba yako aliichoma. Ametueleza juzi tu kwamba ilikuwepo, na alikataa kusema iliandikwa nini, kwa aibu. Wewe umeyajuaje maneno yake, hadi 'Mpenda Haki'?"

Nilitazama rula. Nikaiweka chini.

Ndugu wananchi, ni mimi. Niliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wangu usijulikane, nikijisifu kwa ujanja. Nilidhani Baba ataikagua madigadi ya Mjomba dakika kumi, watacheka, na mimi nitarudi bweni na kisa cha kusimulia. Jambo lilipokua nikaogopa, na kila siku niliyoogopa lilikua zaidi. Likizo ile ikaisha nikaondoka nalo shuleni. Hii ni likizo ya pili.

Mama hakunigombeza. Alinishika bega akanipeleka dukani. Baba alivua lenzi akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza swali moja tu.

"Siku ile nilipompekua mama yako mkoba, ulikuwa unajua kwamba chanzo ni karatasi yako?"

"Nilikuwa najua, Baba."