Mdomo wa Mtoto wa Watu

Chiriku alikuwa na miaka mitatu. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alikuwa amepata kazi ya mkataba mbali sana na nyumbani. Miaka miwili, bila likizo. Angeondoka Jumatatu asubuhi.

Mama, fundi cherehani, alitaka jambo moja tu: mumewe aondoke na picha ya familia. Kwa mtoto mdogo, miaka miwili ni umri mzima. Baba angerudi na kumkuta msichana mwingine.

Basi aliweka kando nguo za wateja, akamshonea Chiriku gauni jeupe lenye kola ngumu. Akamnunulia na viatu vipya. Alhamisi saa saba mchana, saa ambayo Chiriku hulala, wakaenda studio wote watatu. Wakakaa kwenye foleni karibu saa nzima.

Mpiga picha alikuwa mtu wa haraka. Akawaketisha mbele ya pazia la buluu, mikono magotini, shingo wima, kama watu wanaosubiri hukumu. Akamwambia Chiriku acheke. Chiriku akamtazama tu. Akamwambia tena kwa sauti ya juu. Taa kali ikawaka, mtoto akaficha uso. Viatu vilimbana, kola ilimkwaruza shingo, na usingizi ulikuwa umemjaa. Akaanza kulia.

"Mfinye kidogo, mama," mpiga picha akasema. "Samaki mkunje angali mbichi."

Na mama akamfinya. Tusimfichie. Alimfinya pajani kwa kuona aibu mbele ya watu wa kwenye foleni, na Chiriku akapaza kilio. Mpiga picha akapiga hivyo hivyo. Akasema wasiwe na wasiwasi, picha ataitengeneza, waifuate kesho jioni.

Ijumaa jioni mama akaenda peke yake. Picha ilikuwa kubwa, ndani ya fremu. Chiriku alikuwa anacheka, meno yote nje. Mama akafurahi. Kisha akasogea mlangoni penye mwanga, akaitazama tena. Jino la mbele la Chiriku lilimeguka mwaka jana alipoanguka kwenye ngazi. Huyu wa kwenye picha alikuwa na meno kamili, yamepangwa kama punje za mahindi.

"Huu ni mdomo wa nani?" akauliza.

Mpiga picha hakuona hata haya. Alieleza kwamba mdomo wa Chiriku ulikuwa unalia, kwa hiyo alichukua wa mtoto mwingine, wa mteja wa mwezi uliopita, akaubandika kwa kompyuta. Wazazi wengi wanapenda hivyo, alisema.

Damu ikamchemka mama. "Mimi sikuleta mtoto gereji," akasema. "Umemng'oa mdomo ukamwekea wa mtoto wa watu, halafu unataka nikushukuru. Na wa kwangu umempa nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaikwapua picha, akaenda nayo nyumbani kwa hatua za haraka.

Huko hasira zikapanda maradufu, maana baba aliitazama picha na kusema mtoto ametoka vizuri. Mama akamtaka atazame tena. Akatazama tena, hakuona kitu. Chiriku naye akaja, akapanda juu ya kiti, akachungulia.

"Kwa nini huyo amevaa gauni langu?" akauliza.

Baba akaiweka picha mezani, uso chini.

"Mwanao mwenyewe amejikana," mama akasema. "Na wewe ungekaa miaka miwili unalala na kuamka na mtoto usiyemjua."

Jirani yao alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila muhula huwapiga picha wanafunzi wake kwa simu na kuzibandika ukutani darasani. Kelele zilimfikia, akaja. Alisikiliza kisa chote, kisha akauliza maswali. Mlikwenda saa ngapi? Alikuwa amelala? Alikuwa ameshiba? Viatu aliwahi kuvivaa kabla? Kila jibu lilimchoma mama. Aliposema kwamba alimfinya, mwalimu naye akakasirika.

"Mtu akufinye kisha akuambie ucheke, utacheka?" akasema. "Tunawatendea watoto mambo ambayo mtu mzima angetushtaki. Mtoto si sanamu. Humpigi picha mpaka awe ameshiba, amelala, na amevaa nguo aliyoizoea. Wala usimwambie cheka. Mpe jambo la kufanya na watu anaowapenda, wewe ukae tayari."

"Na asipocheka?" baba akauliza.

"Basi hajacheka. Unataka uso wake, au unataka meno?"

Mama alimpakata Chiriku, akamwomba radhi kwa kule kumfinya.

Jumapili asubuhi mwalimu alikuja na simu yake. Chiriku alikuwa amelala vizuri na kushiba, na alivaa gauni lake la kila siku lililopauka. Mwalimu akafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana alama za vidole hutia ukungu kwenye picha. Akazima taa, akafungua pazia. Akawataka wakae pembeni ya dirisha, mwanga uwaangukie kwa upande. Wakiligeuzia dirisha mgongo, nyuso zingetoka nyeusi. Akaondoa ndoo na beseni vilivyokuwa nyuma yao. Kisha akaketi sakafuni, simu ikawa usawa wa macho ya Chiriku.

Akawauliza walikuwa na kazi gani asubuhi ile. Walikuwa na kazi ya kufungasha begi la baba. Akawaambia wafungashe, wasimtazame.

Baba akaweka shati begini. Chiriku akalitoa. Baba akaweka lingine, Chiriku akalitoa nalo, akalikunja vibaya na kulirudisha kabatini. Mama akacheka hadi akashika mbavu. Mwalimu alipiga picha nyingi bila kusema chochote. Mwishowe Chiriku akaingia mwenyewe ndani ya begi, akaketi, akamkazia baba yake macho. Baba akapiga magoti mbele yake. Mama akaweka mkono mdomoni, kicheko kikamkatika.

"Yatosha," mwalimu akasema, akazima simu. Robo saa haikuwa imeisha. Alisema mtoto haongezewi muda akishachoka.

Kati ya picha zote, walichagua ile ya begi. Mwalimu aliichapisha siku hiyo hiyo. Ile ya studio mama aliitoa kwenye fremu, akaichana vipande vidogo, na hakujuta.

Baada ya wiki tatu baba alipiga simu. Alisema picha ameibandika juu ya kitanda chake, na mafundi wenzake wanaijua familia yake yote kwa sura.

"Ila wananiuliza, mbona mtoto hacheki," akasema. "Nawaambia, angecheka vipi? Hapo alikuwa ananikataza kuondoka."