Jina la Tisa Katika Daftari la Kwaya

Kwaya ya usharika ule, kwenye mteremko wa Mlima Meru, ilikuwa na sauti nne, na Elizabeth, katibu wake kwa miaka kumi na mmoja, alizijua kama alivyojua vikohozi vya majirani zake. Jumanne jioni, katika mazoezi ya jubilei ya miaka hamsini ya kwaya, alisikia ya tano. Ilipanda juu ya zote, nyembamba, tamu, na kanisa likajaa harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, ilhali msimu wa kuvuna ulikuwa bado.

Akageuka. Aliyekuwa akiimba ni Diana, bintiye wa pekee, ambaye tangu utotoni aliimba sauti ya pili, tena kwa kujificha nyuma ya wenzake.

Elizabeth alijua jambo hili lilikoanzia. Jumapili iliyopita alitoa kabatini daftari la waanzilishi akabuni jambo la kupamba sherehe: majina yao kumi na mawili yaitwe, na kwa kila marehemu kijana mmoja aitikie, "Nipo!" La tisa, Naeku, lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Akaona si haki mtu asahaulike siku ya jubilei. Wema ulimponza, maskini. Akaliita mazoezini, na Diana akaitikia.

Asubuhi alipanda kwa Mzee Mikaeli, mwanzilishi pekee aliyebaki hai.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeliita lile jina." Mzee alinong'ona, asimtazame. "Jana nimeisikia sauti yake mpaka huku. Naeku hakuwa na kosa, mama. Ni pepo aliyeimba ndani yake. Akawa haongei tena, anaimba tu, mpaka tukamkuta kwenye tangi la kuoshea kahawa. Tukamzika, na sauti ikabaki kanisani."

"Mliitoaje?"

"Kwa kinywa kimoja. Jina liliitwa, kwaya nzima ikasema, 'Hatumjui.' Akinyamaza hata mmoja, haitoki."

Nyumbani Diana hakuwa akiongea tena. Aliimba akiosha vyombo, aliimba akimenya ndizi, na mama yake alipompa maji akayanywa na wimbo haukukatika, maji yanashuka kooni na sauti inapanda, hana pumzi anayovuta, macho yake mawili tu yakimtazama mama yake na kutiririka machozi, kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua na ufunguo uko kwa wengine.

Alhamisi kwaya ilikusanyika, na Mzee Mikaeli akashuka. Elizabeth akawaeleza yote, kisha akaita, "Naeku?"

"Hatumjui," akajibu Mzee Mikaeli.

"Hatumjui," akasema Elizabeth.

Wengine walitazama viatu vyao. Mwalimu Sylvanus, kiongozi wa kwaya, akamsogelea.

"Mama Diana, Jumapili askofu anakuja. Sauti kama hii hatujawahi kuipata. Tuvuke jubilei kwanza, halafu tutamwombea."

"Ni mwanangu, mwalimu! Atakwisha!"

"Siku tatu tu, mama."

Akapiga magoti mbele yao, mtu mzima, akataja mmoja mmoja wale aliowauguza na aliowazikia. Hakuna aliyefungua kinywa.

Jumapili watu walijaa mpaka nje kwenye migomba. Diana aliimba, wazee wakalia kwa furaha, askofu akaomba arudie. Harufu ile iliwafunika wote na hakuna aliyeziba pua. Ibada ilipokwisha walimzunguka Elizabeth wakimshika mikono.

"Hongera, mama! Umezaa!"

Akapenya katikati yao hadi kwa binti yake. Macho yale aliyoyalea yalikuwa yamekauka, yakimwangalia kama yanavyomwangalia mgeni. Nyuma yake Sylvanus alikuwa akitangaza kwamba mwezi ujao kwaya imealikwa kuimba Njiro, mjini, na Diana ndiye atakayeongoza. Elizabeth alimtupia kanga mabegani, akamshika mkono, maana mkono ulikuwa bado wa Diana, akaenda nyumbani na kile kitu kilichomvaa mwanawe.