Bando la Wasafiri

"Mbona unatokwa jasho, na huko kuna theluji?"

Ghorofa alijifuta paji la uso kwa mkono wa sweta. Lilikuwa sweta zito la shingo ndefu, na chumba kilikuwa kinachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Feni alikuwa ameizima kabla ya kupokea simu, kwa sababu upepo wake ungelitikisa shuka jeupe alilolipigilia ukutani ili lionekane ukuta wa hoteli ya maana.

"Hita, mpenzi," alisema. "Watu wa huku wakiamua kupasha chumba, wanakupasha na wewe."

Kipusa alicheka kwenye kioo cha simu. Alikuwa kazini, nyuma ya kaunta ya duka la laini za simu, kalamu imechomekwa kwenye nywele kama kawaida yake.

"Na bando limekubali?"

"Bado."

"Ulizima simu ukaiwasha?"

"Nimezima, nimewasha, nimeibembeleza. Inagoma. Ndiyo maana nategemea waifai ya hoteli. Nikitoka nje tu, nimepotea hewani."

"Haiwezekani. Hilo bando la wasafiri nimekuunga mwenyewe kwa vidole hivi. Ulitakiwa upate ujumbe wa kukaribishwa mara tu ulipotua."

"Labda hawanikaribishi."

Kipusa hakucheka tena. Na Ghorofa naye akatazama pembeni, maana ukweli ulikuwa umekaa kitandani kando yake kama mgeni asiyeaga.

Hakutua popote, kwa kuwa hakupaa.

Siku ya safari ukoo mzima ulimsindikiza. Mama yake alilia, Kaka Mkubwa alitoa hotuba mbele ya mizigo kana kwamba anazindua daraja. Fundi wa lifti wa familia anakwenda ng'ambo kusomea mitambo mipya, akirudi ni harusi. Akapanda, akakaa, akafunga mkanda. Kisha mlango wa ndege ukafungwa, na Ghorofa, mtu aliyezoea kuning'inia kwenye mashimo ya lifti huku akipiga mluzi, akasikia moyo unampanda kooni. "Nishusheni," alimwambia mhudumu. Mhudumu akatabasamu. "Dada, nishusheni, ninakufa." Akashushwa kwa ngazi, analia, abiria wote wakimchungulia kwa vidirisha.

Alijificha chooni pale uwanjani mpaka alipohakikisha ndugu zake wameondoka. Waandaaji wa kozi aliwaandikia kwamba ameshikwa na homa, nao wakamruhusu kufuata masomo kwa mtandao. Simu akaiweka kwenye hali ya ndege, akaunga waifai ya gesti, ili anayempigia laini ya kawaida asimpate. Katika safari ile yote, simu ndiyo peke yake iliyopaa.

Mwongo mwenye akili angejificha mbali. Ghorofa alichagua gesti ya mtaa wa nyuma ya duka la Kipusa, chumba cha juu, kwa sababu dirisha lake lilimwezesha kumwona akifunga duka jioni. Hakuweza kupitisha siku bila kumwona. Hilo ndilo lililokuja kumponza.

"Ghorofa," Kipusa alisema, sauti imeshuka. "Nina jambo linanitafuna."

"Sema."

"Tangu uniambie bando halishiki, nimekuwa nawazuia wateja wasilinunue. Wakija nawaambia tumieni waifai za huko huko, hili bando ni bovu, mwenzangu linamtesa."

"Ah. Si lazima uwaambie…"

"Kuna mama mmoja anaumwa mguu, alikuwa anakwenda kutibiwa. Alikuja na pesa yake mkononi nikamrudishia. Ametua, waifai ya uwanjani ikataka kumtumia msimbo kwenye simu, na simu yake haipokei chochote. Amekaa kwenye benchi kutwa nzima. Mwanawe alikuwa anamsubiri mlango mwingine, hawana namna ya kupatana. Mguu umevimba mpaka kiatu kikakatwa."

Ghorofa aliivuta shingo ya sweta.

"Yuko salama?"

"Yuko hospitali. Bosi amenikalisha chini leo, mbele ya wenzangu. Anasema makao makuu wamelijaribu bando, halina tatizo, na nikimharibia jina tena nikatafute kazi kwingine. Nimemjibu, bosi, mchumba wangu yuko kule, na huyo mtu hawezi kunidanganya."

Mdomo wa Ghorofa ulifunguka. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa, angeweza kulitema.

"Subiri kidogo," Kipusa alisema, "gari la matangazo linapita, sikusikii."

Kwenye simu ikavuma sauti ya kipaza: *"Tangazo, tangazo. Magodoro yamefika. Mgongo unaolia leo, kesho utacheka."* Kisha kikohozi. Mtangazaji alikuwa na mafua.

Gari likapita. Wakaongea mambo ya mama, ya ukumbi wa harusi, ya rangi ya vitambaa. Ghorofa alishaanza kupumua pale kipaza kilipokata kona na kuingia mtaa wa nyuma, kikajaa dirishani kwake.

*"Magodoro yamefika. Mgongo unaolia leo…"*

Aliziba simu kwa kiganja. Alichelewa.

"Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo inayouza magodoro."

"Aa, hiyo. Watu wetu wamejaa huku, mpenzi. Wana mpaka maduka."

"Na mtangazaji wao naye ana mafua?"

Ghorofa alitafuta uongo mfukoni, akakuta mfuko umetoboka. Lakini Kipusa mwenyewe akamwokoa, akasema kwa upole:

"Haya bwana, dunia kijiji. Nazima picha, nina foleni ya wateja. Wewe endelea kuongea, napenda kusikia sauti yako. Nisimulie hiyo theluji."

Kioo kikawa cheusi. Ghorofa akashusha pumzi, akaanza. Alisimulia theluji inavyoanguka bila kelele, inavyolia chini ya kiatu, watoto wanavyoifinyanga. Yote aliyasoma asubuhi. Huku nje gari la matangazo lilikuwa limekwama nyuma ya lori la mchanga, nalo halikunyamaza.

"Inalia vipi chini ya kiatu?" Kipusa aliuliza. Alikuwa anahema kidogo.

"Kama… kama unatafuna barafu."

"Makubwa. Endelea."

*"Mgongo unaolia leo,"* likasema dirisha.

*"Mgongo unaolia leo,"* ikasema simu, nyuma yake kidogo tu.

Kikohozi kikaja mara mbili, kimoja kutoka mtaani, kimoja kutoka kwenye simu.

"Kipusa. Uko wapi?"

"Niko hewani, mpenzi."

"Uko wapi?"

"Nimelifuata gari la magodoro mpaka hapa gesti. Mapokezi wanasema chumba cha juu, cha mwisho. Nimewaulizia mgeni mrefu, wakasema, yule anayevaa sweta?"

Mlango ukagongwa.

Alipofungua, Kipusa hakumwangalia usoni. Alipita moja kwa moja, akainama chini ya kitanda, akafungua bafu, akavuta mlango wa kabati.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke."

"Hakuna mwanamke."

Kipusa alilitazama shuka la ukutani, misumari minne, kona moja imelegea. Akaitazama feni iliyozimwa. Kisha akamtazama yeye, jasho limemchora mistari mashavuni.

"Afadhali angekuwepo," alisema. "Mwanamke ningejua pa kumshika. Hiki nikishike wapi?"

Ghorofa aliketi kwenye kona ya kitanda, akaeleza. Mlango wa ndege. Moyo. Ngazi. Choo cha uwanjani. Kila neno lilitoka kama jino. Alipomaliza alikuwa anayatazama masoksi yake.

"Uliogopa," Kipusa alisema.

"Niliogopa."

"Wewe. Unayefanya kazi kwenye mashimo ya ghorofa ishirini."

"Kule najua breki iko wapi. Kule mlango naufunga mwenyewe na naufungua mwenyewe. Pale mlango ulifungwa na mtu nisiyemjua, nami sina hata bisibisi."

Pembe ya mdomo wa Kipusa ilitaka kucheka, akaikataza.

"Ungenipigia ningecheka," alisema. "Sikufichi. Ningecheka siku hiyo mpaka nikae chini. Halafu ningechukua teksi nije nikutoe chooni."

"Najua. Sikuogopa kicheko chako. Niliogopa cha kaka."

Kipusa alisogea dirishani. Aliliona duka lake, kaunta yake, mpaka kiti chake.

"Kumbe unaniona."

"Ukifunga duka. Kila jioni."

"Yaani mimi nalia na mto kwa ajili ya mtu aliye mbali, na mtu mwenyewe ananitazama kama runinga."

Aibu ya ndege alikuwa ameizoea sasa. Hii ilikuwa mpya, nayo ilikuwa na uzito wake.

Kipusa alivua pete ya uchumba, akaitia kwenye mfuko wa sare yake ya kazi.

"Sijaitupa," alisema. "Lakini sijui naivalia nani. Vaa viatu. Unakwenda kusema mwenyewe, kila mahali ambapo uongo wako umefika. Na sweta hilo usilivue. Wakuone nalo."

Dukani wateja walikuwa wamejipanga. Bosi aliinua macho, akavua miwani.

"Huyu si ndiye yuko kwenye theluji?"

"Ni mimi, bosi." Sauti ya Ghorofa ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Bando la wasafiri halina ubovu. Langu halijawahi kuvuka mpaka. Mbovu ni mimi. Kipusa aliniamini, basi."

Mteja mmoja aliguna. Mwingine alitoa simu arekodi, Kipusa akamwambia airudishe mfukoni kabla haijapata ajali. Kisha akampigia yule mama wa mguu, kwenye simu ya mwanawe, akaweka sauti ya wazi, akamsogezea Ghorofa simu.

"Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyekufanya ukae kwenye benchi." Akaeleza yote. "Nakuomba radhi, mama yangu."

Yule mama akasema:

"Kwa hiyo wewe uliogopa kupanda."

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliogopa kushuka. Nilishika kiti mpaka wakanibandua. Marahaba, mwanangu. Ila hicho kiatu kilichokatwa kilikuwa kipya."

Nyumbani kwa mama waliwakuta watu sebuleni. Mama alikuwa amekumbatia simu yake. Picha ya theluji aliyotumiwa ndiyo aliyoiweka mbele kabisa, kila akiiwasha iwe ya kwanza kuonekana. Kaka Mkubwa alikuwa amekunja nne kwenye kochi.

"Umerudi, baba?" Mama alisimama. "Mbona hujasema tuje kukupokea?"

"Mama, sikwenda."

Akasema yote kwa mara ya tatu siku ile, na mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mama aliiwasha simu, akaitazama ile picha.

"Na hii?"

"Niliitoa mtandaoni."

"Nimewaonyesha majirani wote. Na fundi bomba nilimwonyesha."

"Nisamehe, mama. Nimekudanganya, nimekuaibisha. Nisamehe."

Mama alikaa. Aliipapasa simu kwa kidole gumba kama anayefuta vumbi.

"Ulikuwa unakula wapi siku zote hizo?" aliuliza.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Ghorofa.

"Maliza kulia," Kaka Mkubwa alisema, "kisha uniombe na mimi radhi."

"Nisamehe, kaka, kwa kukudanganya."

"Sizungumzii uongo. Kila mtu anadanganya. Nazungumzia kushushwa ndege ukilia, mwanamume mzima, fundi wa maghorofa, na jina ni la ukoo wetu. Nilisimama pale nikatoa hotuba. Omba radhi kwa huo woga."

Kipusa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni mwa sare.

Ghorofa alivua sweta. Alilivua polepole, kichwa kikakwama, kikatoka, akalikunja vizuri akaliweka mezani. Fulana ya ndani ilikuwa imelowa chapachapa.

"Kwa uongo nimeomba," alisema. "Kwako, kwa mama, kwa Kipusa, kwa bosi wake, kwa mama wa watu aliyevimba mguu. Kesho mkitaka nitaomba tena."

"Na woga?"

"Woga haukumkalisha mtu kwenye benchi. Uongo ndio uliomkalisha. Niliogopa, kaka. Wakinipandisha tena kesho, nadhani nitaogopa tena."

"Usipoomba, kwenye harusi yako usinihesabu."

Kipusa alitoa mkono mfukoni. Alikuwa anahangaika kuivaa pete, imekwama kwenye kifundo cha kidole, pale inapopata shida kupita siku zote. Ikapita.

"Umenisikia?" Kaka Mkubwa alisema. "Omba radhi."

"Siombi, kaka."