Mswaki wa Mackrine

Mteja wa kwanza kurudi kwa fundi Mujuni alikuwa Felicitas, na hakuja kulalamika kwamba sabufa yake imeharibika tena. Sabufa ilikuwa inaongea vizuri mno. Taabu ni kwamba ilikuwa inaongea hata ikiwa imezimwa.

"Fundi, nisikilize na usinicheke," alisema, akiitua mezani huku akitazama nyuma kama aliyeiba kitu. "Saa saba mchana, mashine imezimwa, waya nimeuchomoa ukutani kwa mkono wangu huu. Kuna mwanamke humo ndani. Anauliza, 'Umekula?'"

Mujuni alicheka kile kicheko cha mafundi, cha kumjulisha mteja kwamba hajui kitu. "Mama, hiyo ni redio ya jirani inaingilia waya zako."

"Redio ya jirani ndiyo inamlisha mwanangu?" Felicitas akashusha sauti. "Ainomugisha ana miaka minne. Siku ya tatu leo hali chakula changu. Anakaa mbele ya spika na sahani tupu, anasubiri apakuliwe na huyo."

Kicheko kikamkauka Mujuni mdomoni. "Sauti yenyewe ikoje?"

"Ya mtu aliyetoka shamba. Imechoka kidogo. Wala si mkali, fundi. Hilo ndilo linanitisha."

Tumpe Mujuni haki yake: ufundi aliujua, na pale kijijini Kanoni hata wasiompenda walikubali. Amplifaya alikuwa anaziunda mwenyewe, transista amezing'oa kwenye televisheni zilizokufa, transfoma ameiokota huku, kapasita ameitoa kule, na boksi la mbao amelipiga randa kwa mkono. Na alikuwa na wazimu wa usafi. Wenzake wakishachomelea hufunika mashine, basi, kazi imekwisha. Yeye hakufunika. Risasi ya kuchomelea ikishapoa huacha ute wa kahawia kwenye bodi, unanata kama utomvu wa mgomba, unakamata vumbi na unyevu, na baada ya miezi michache spika zinaanza kukoroma. Kwa hiyo aliimwagia spiriti kidogo, akasugua kwa mswaki mpaka mistari ya shaba ikang'aa, akapangusa kwa pamba. Mtu akimwambia anapoteza muda, alikuwa anamwangalia tu.

Mkewe, Mackrine, alifariki mwezi wa pili. Siku ya kuondoa msiba ndugu walikusanyika wakagawana vitu vyake kama desturi inavyotaka: vitenge, jembe, mikeka, hata mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Mswaki nani angeukumbuka? Ulibaki kwenye kikombe dirishani, wa bluu, karibu na wa Mujuni, na kila asubuhi alipochukua wake alijiapiza kwamba leo anautupa ule mwingine, na kila asubuhi mkono ulimgomea. Kisha mswaki wake wa kazi ukaisha nywele. Akauchukua wa Mackrine. Alijiambia ni afadhali ushike kazi kuliko kukaa pale unamtazama. Hapo ndipo alipokosea, na mwenye watu nyumbani asingekosea hivyo, maana yupo ambaye angemuuliza, wewe, hicho ulichoshika ni nini? Mujuni hakuwa na wa kumuuliza. Miezi miwili mizima, kila bodi iliyopita mezani pake ilisuguliwa kwa ule mswaki.

Kesho yake baada ya Felicitas kuja, saa saba mchana, jua likiwaka barabarani na pikipiki zikipita na mikungu ya ndizi, alikuwa ameifungua sabufa ya Felicitas. Kwanza ilikuja harufu. Katikati ya harufu kali ya spiriti kukaingia harufu ya udongo mbichi na moshi wa jikoni, jiko ambalo lilikuwa halijawashwa tangu juzi. Kisha karatasi ya spika, spika ambayo haikuwa imeunganishwa na waya wowote, ikavuta ndani taratibu, ikatulia, kama kifua cha mtu anayetaka kusema.

"Umekula?"

Nywele zilimsimama, na alijua kabisa kwamba mtu mwenye akili anatoka mbio hapo hapo, lakini alibaki amekaa na bisibisi mkononi, kwa sababu ilikuwa ni Mackrine, ni yeye mwenyewe, na ile pumzi anayoshusha kabla ya kusema, na ule uchovu wa palizi, na Mujuni akagundua kwamba machozi yanamtoka na kwamba amefurahi. Ndiyo, alifurahi. Hakumwambia mtu.

Angeficha hadi leo kama si Jumapili. Katekista Nolasco alisimama kusoma matangazo kanisani, kwenye kipaza sauti cha kigango, na amplifaya ya kigango nayo Mujuni ndiye aliyeisafisha. Nolasco akafungua mdomo. Kilichotoka kwenye spika zote nne hakikuwa matangazo.

"Umekula?"

Watu wale ndio waliomzika Mackrine. Sauti waliijua. Mtoto mmoja akaanza kulia, kisha wanakwaya wakashikana mikono, kisha vichwa vyote vikageuka nyuma, alipokaa Mujuni peke yake.

Nolasco alimvuta nyuma ya kanisa. "Mimi nitaomba, na wewe uombe," alinong'ona. "Lakini pia nenda Kimuli, kwa Bi Kantengwa. Na ukiulizwa nani kakutuma, si mimi."

Bi Kantengwa alikuwa uani anapukuchua maharage, bibi kizee mwembamba ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni. Aliitikia shikamoo bila kuinua uso. Mujuni alisimulia yote. Alipofika kwenye mswaki, maharage yakasimama.

"Kitu kilichokaa mdomoni mwa mtu miaka miwili," bibi alisema polepole, "ukakichukua ukasugulia mashine za kusemea. Ee waitu! Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikutafuta kitu, bibi."

"Ulitafuta. Ila aliyekuja siye. Mkeo amepumzika. Huyo ni jini la porini, halina kwao, limekuta mdomo hauna mwenyewe likaingia. Linajua kila neno mdomo ule ulilosema. Halijui alichokisikia mkeo akanyamaza."

"Sasa nifanyeje?"

"Mswaki uchome. Bodi zote zioshe upya, mswaki mpya, spiriti mpya. Kama unabisha kwamba siye, liulize jambo ambalo mkeo alilisikia na hakulitamka kamwe. Litashindwa." Akamshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko alivyotegemea. "Lakini usilijibie swali hilo wewe mwenyewe. Likipata kwako neno ambalo halikuwa nalo, halitahitaji tena mswaki wala spika."

Mujuni alifanya kama alivyoambiwa. Aliosha sabufa ya Felicitas mara tatu, akairudisha, na jioni ile ile Ainomugisha akala ugali kwa mkono wa mama yake. Aliosha amplifaya ya kigango. Alipita nyumba hadi nyumba na begi la vifaa, na kila alikopita palinyamaza, na watu wakamshukuru huku wakifunga mlango mapema kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Ikabaki amplifaya moja, yake mwenyewe, yenye spika ndani ya boksi, ile aliyoiunda mwaka waliooana.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Aliifunua mezani, akachomoa waya wote, akaweka kando chupa mpya ya spiriti, akaleta jiko la mkaa uliokolea. Mswaki wa bluu, ambao alikuwa bado hajauchoma, alikuwa nao mkononi. Saa saba ilipofika, harufu ya udongo ikaingia.

"Umekula?"

"Mackrine," alisema. "Zile siku tatu hospitalini, ulipokuwa umekata kauli. Niliinama nikakuambia kitu sikioni. Nilikuambia nini?"

Mvua juu ya bati. Karatasi ya spika ikavuta ndani, ikarudi, ikavuta ndani tena, kama inapekua mahali fulani na haipati.

"Umekula?" ikasema, kwa pumzi ile ile, kwa uchovu ule ule, bila tofauti hata ya nukta.

Basi hakuwa yeye. Mujuni alitegemea kupata nafuu, lakini alihisi kama anamzika mara ya pili, na safari hii bila watu. Alisogeza mswaki juu ya mkaa. Nywele mbili zikajikunja, zikatoa moshi mweusi wa plastiki. Akafikiria kesho saa saba. Akafikiria keshokutwa, na mwezi wa kumi, na mvua nyingine kama hii, na bodi safi zisizosema neno.

Akauondoa mswaki motoni.

Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kuigusa karatasi ya spika, kama alivyoinama kitandani kule.

"Nilikuambia kwamba nilikuwa nakusikia," alisema. "Miaka yote ile uliposimama mlangoni ukaniuliza kama nimekula, na mimi nimeinamia mashine sijibu. Nilikuwa nakusikia kila siku. Nilikuwa sijibu tu. Nikakuomba unisamehe, na sikujua kama ulisikia."

Karatasi ya spika ilikuwa imelala, imekufa, ni karatasi tu. Harufu ya udongo ilikuwa imehama. Sasa ilikuwa inatoka nyuma yake, karibu sana, pamoja na joto la pumzi shingoni.

"Nilisikia," ile sauti ikasema.

Mujuni hakugeuka. Alisogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.