Tanuri Aenda Nchi ya Theluji

Mtaa mzima ulimwita Tanuri. Alikuwa mwoka mikate, na alikuwa ameishi na moto miaka mingi kuliko alivyoishi na mkewe. Mikono yake ilijaa alama za kuungua. Jua likiwaka na watu wakitafuta kivuli, yeye alifunga vifungo vya shati hadi shingoni na kusema, "Leo kuna kaubaridi."

Mkewe aliuza mikate dirishani. Alimjua kila mteja na tabia yake. Huyu anataka mkate mgumu wa kuchovya kwenye chai. Yule meno yamemtoroka, anataka laini.

Asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu, simu ya mkewe ililia. Alikuwa dada yake mkubwa. Dada huyo aliolewa nchi ya mbali, nchi ya baridi, na sasa alikuwa mjane. Mara ya mwisho walionana walipomzika mama yao. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa walikuwa na ndevu.

"Nimepasuliwa nyonga," dada alisema. "Naendelea vizuri, ila nashinda ndani. Njooni mnione. Lakini sitaweza kuwapokea uwanja wa ndege. Ni mbali, na sina wa kumtuma."

Mkewe aliweka simu chini. Mteja aliomba mkate mmoja, akapewa mitatu. Tanuri aliona. Alijipangusa unga mikononi.

"Tutakwenda," alisema. "Shule zikifungwa, na sisi tutafunga duka."

Shule ndizo zilizonunua mikate mingi. Zikifungwa, hata jiko lilipumzika.

"Wakati huo kwao baridi inaanza," mkewe alisema.

"Acha ianze! Mimi nina akiba ya joto mwilini."

Tangu siku hiyo, kila walipomaliza kuuza, Tanuri alitandaza ramani juu ya meza ya kukandia. Alichora mstari kwa kalamu ya risasi. Mji wenye ziwa. Mji wenye jumba la wafalme. Kijiji cha mlimani. Bandari ya kale. Mwisho kabisa, juu pembeni, mji mdogo wa shemeji yake.

"Nauli ni ile ile," alisema. "Hatuwezi kuvuka dunia nzima kwenda kutazama ukuta wa nyumba ya shemeji. Tutatembea wenyewe, bila kiongozi. Mimi ndiye kiongozi."

Mkewe alipangusa vumbi la unga kwenye ramani. Kisha akaosha meza.

Jirani yao mmoja aliitwa Bibi Barafu. Alikuwa msimamizi wa ghala la baridi, pale nyama na samaki wa mji huo walipohifadhiwa. Ujanani alipelekwa ng'ambo kujifunza kazi hiyo, akaishi huko misimu mitatu ya baridi. Jioni moja alikuja kununua mkate, akaiona ramani.

"Mnaenda vitani?" aliuliza.

"Tunaenda kutembea," Tanuri alijibu kwa fahari. Alimweleza safari yote, mji kwa mji.

Bibi Barafu alisikiliza huku akimega mkate wake. "Hapa mlimani mtashuka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Tutaona jua likizama."

"Jirani, saa kumi na moja jua lenyewe limeshalala. Huko, mwanzo wa baridi, jua ni kama kibarua mvivu. Linachelewa kuja kazini, na linawahi kuondoka. Mtashuka gizani, kwenye barafu."

"Kwani barabara haina taa?"

"Barabara yenyewe huenda imefungwa. Theluji ikianza, njia nyingi za milimani hufungwa. Boti za ziwani nazo hupandishwa nchi kavu. Uliuliza?"

Tanuri alikuna kichwa. Hakuwa ameuliza.

"Nionyesheni pasipoti zenu," Bibi Barafu alisema.

Ya mkewe ilikuwa mpya. Ya Tanuri ilikaribia kuisha muda, majuma machache tu baada ya safari.

"Hiyo haina neno," Tanuri alisema. "Itakapoisha tutakuwa tumesharudi."

"Ina neno kubwa! Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi sita mbele. Ungefika uwanja wa ndege na mabegi yako, wakakurudisha nyumbani na mabegi yako. Nenda uhamiaji kesho ukaombe mpya. Habari za viza ulizeni ubalozini kwao, si vijiweni. Tena kateni bima ya safari. Mguu ukiteleza huko, hospitali haitakuuliza jina kabla ya kukuuliza bima."

Tanuri alijisikia mdogo. Ili kujikomboa, alikimbia ndani na kurudi na koti lake jipya la mtumba. Lilikuwa zito, lenye manyoya, refu hadi magotini.

Bibi Barafu alilizunguka. "Hili koti au dubu?"

Mkewe alicheka hadi akashika meza. Tanuri hakucheka.

"Sikiliza, jirani," Bibi Barafu alisema kwa upole. "Njooni ghalani kwangu Jumamosi. Wewe vaa utakavyovaa huko. Mke wako nitamvalisha mimi. Kuona kwa macho kunazidi kuambiwa."

Jumamosi walifika. Tanuri alivaa fulana ya pamba, shati la pamba na yule dubu wake. Miguuni alivaa soksi tatu, akasukuma miguu kwenye viatu vya ngozi hadi vikalia. Kutoka lango kuu hadi mlango wa chumba cha baridi, alikuwa ameshalowa jasho.

Mkewe alivaa nguo nyepesi za sufu zilizogusa ngozi, sweta, na juu yake koti jembamba lisilopitisha upepo. Kichwani alivaa kofia iliyofunika masikio. Tanuri alimhurumia. Mwanamke wa watu, alifikiri, ataganda.

Mlango mzito ulifunguliwa. Moshi mweupe ulitoka chini ukawalamba miguu. Waliingia katikati ya safu za nyama zilizoning'inia.

"Mbona raha!" Tanuri alisema. "Ningeletewa kiti ningekaa."

Baada ya muda mfupi aliacha kuongea. Jasho la mgongoni lilikuwa limegeuka maji ya baridi. Vidole vya miguu vilimwasha, kisha akaacha kuvisikia. Alitoa simu ili apige picha. Simu ilizimika mkononi.

"Mke wangu," alisema, meno yakigongana, "u-u-unaendeleaje?"

"Vizuri tu," mkewe alijibu. Alikuwa anasoma mihuri kwenye nyama kama mtu aliyekuja sokoni.

Bibi Barafu aliwatoa nje, akawapa chai ya moto.

"Baridi kali si adui yako pekee," alimwambia Tanuri. "Adui mwingine ni jasho lako. Pamba ikilowa haikauki upesi. Inakaa na maji na kukunyonya joto. Ndiyo maana tunavaa nguo kadhaa nyepesi. Ukipata joto unavua moja. Ukihisi baridi unaongeza."

"Na miguu? Nilivaa soksi tatu!"

"Ndizo zilizokuponza. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni. Soksi moja nene ya sufu inatosha, kiatu kiwe na nafasi ya kuchezesha vidole, na soli yake ishike chini. Simu nayo inaogopa baridi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na anwani ya mnakokwenda iandikeni kwenye karatasi. Simu huzimika, karatasi haizimiki."

Tanuri alishika kikombe kwa mikono miwili. Uhai ulianza kumrudia, na ubishi pia.

"Sawa. Tukishapata nguo hizo, miji yote mitano tutaiweza."

Mkewe aliweka kikombe chake chini.

"Mimi sitaki miji," alisema. "Namtaka dada yangu. Wewe umempanga mwisho kabisa. Njia ikifungwa, treni ikichelewa, nani atakatwa kwenye hiyo safari yako? Ziwa halitakatwa. Atakatwa dada. Nimeosha ile meza kila siku nikisubiri uone mwenyewe."

Tanuri alimtazama. Alikumbuka siku ya simu, mkate mmoja ukawa mitatu. Alijua kwa nini walikuwa wanasafiri, akajisahaulisha. Alikunywa chai yake yote, ingawa ilimuunguza.

"Basi tuanze upya," alisema. "Bibi, tukae sote watatu."

Mpango mpya ulikuwa mfupi. Wangechagua ndege inayotua mchana. Usiku wa kwanza wangelala karibu na stesheni, wapumzike. Asubuhi wangepanda treni moja kwa moja hadi kwa shemeji. Walibakisha siku za ziada ambazo hazikuwa na kazi yoyote.

"Siku tupu za nini?" Tanuri aliuliza.

"Hizo ni za theluji," Bibi Barafu alisema. "Wewe ukipanga, nayo inapanga."

Pasipoti mpya ilitoka. Viza zilipatikana. Mkewe alikuwa na vidonge vya shinikizo la damu. Alivitia kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Kama begi kubwa lingepotea, dawa isingepotea nalo. Dubu alibaki nyumbani.

Walitua mchana. Hewa ya nje ilimpiga Tanuri usoni kama kofi, lakini mgongo wake ulibaki mkavu. Njia zilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Walitembea kama Bibi Barafu alivyowafundisha: hatua fupi, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko.

"Unatembea kama bata," mkewe alimwambia.

"Bata haanguki," alijibu Tanuri.

Asubuhi walipanda treni. Ilipofika alasiri, walikuwa bado hawajafika. Theluji ilianza kuanguka kwa wingi, na katika stesheni moja ndogo treni ilisimama. Abiria wote waliambiwa washuke.

Nje kulikuwa na basi. Dereva alitaja mji wa shemeji, watu wakaanza kugombea mlango. Tanuri alinyanyua begi. Miguu yake ilishaanza safari. Kisha akatazama juu. Mchana ulikuwa umeanza kufifia.

"Ngoja," alisema. "Tuulize kwanza."

Alimwonyesha mwanamke wa dirisha la tiketi ile karatasi ya anwani. Lugha ilikuwa ya kubahatisha, vidole vikasaidia. Mwanamke yule aliwaeleza kwamba basi lingefika gizani, na lingewashusha barabara kuu. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Lakini treni ingeondoka kesho yake asubuhi kwa tiketi zile zile, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya wageni.

Tanuri alimgeukia mkewe. Alijua jinsi alivyokuwa na hamu. "Unasemaje?"

Mkewe alilitazama basi. "Nimesubiri miaka yote hii," alisema. "Usiku mmoja hautaniua. Barafu huenda ikaniua."

Walilala. Walimpigia dada simu asiwe na wasiwasi. Asubuhi njia ilikuwa imesafishwa, na treni ikaondoka. Mahali fulani, barabara ilipokaribia reli, waliliona basi la jana limezama kwenye theluji hadi nusu ya magurudumu. Abiria walikuwa nje, wamejifunika mablanketi, wakisukuma. Mkewe aliushika mkono wa Tanuri.

Mlango wa dada ulikuwa wa kijani. Walibisha. Walisikia hatua za polepole, kisha mlango ukafunguka. Mama mwembamba mwenye mvi alisimama akiwaangalia, mdomo wazi.

"Ingieni, fungeni mlango!" alisema. "Mnaniingizia baridi!"

Kisha akaanza kulia, na mdogo wake naye akalia, wakashikana pale pale mlangoni, na baridi ikaingia yote.

"Nani amewaleta?" dada aliuliza hatimaye.

"Tumejileta," mkewe Tanuri alisema.

Siku ya tatu theluji ilikoma na jua likatoka. Majirani walimwaga mchanga kwenye njia. Shemeji alisema alikuwa hajatoka nje tangu theluji ya kwanza, kwa kuogopa kuanguka. Mdogo wake alimvalisha kwa mpango, sufu kwanza, sweta, kisha koti. Tanuri alimfunga kamba za viatu, akahakikisha vidole vinacheza. Wakamweka katikati, huyu mkono huu, yule mkono ule, wakaenda dukani kununua chumvi.

Duka lilikuwa karibu tu. Walitembea hatua fupi fupi, magoti yamelegea, dada wawili wakisimama kila mara kucheka. Ilichukua nusu ya mchana. Tanuri hakumharakisha mtu.