Fungu Lisiloitwa Jina

Mshale wa kompyuta ulianza kutembea pale Agnetha alipochomoa kipanya. Kikiwa kimechomekwa haukusogea hata kidogo, ingawa taa nyekundu ya chini yake iliwaka. Alibadili tundu, akaazima kipanya cha jirani, wapi! Sasa waya uko mkononi mwake na mshale unatambaa kwenye kioo, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Alisonya. Wateja wa duka lake la kompyuta mtaani Kalangalala ndio husingizia majini kila kompyuta inapogoma, naye huwajibu kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hii ilikuwa kompyuta kuukuu, aliyoinunua kutoka ofisi ya duara, shimo la dhahabu lililofukia watu, na kwa vile haikuwa na nguvu, asubuhi hiyo aliiwekea mfumo mwepesi wa Linux. Kazi nzito alikuwa ameziacha. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na mbili za kabla yake zilitoka, hivyo kila mtoto alipocheza tumboni alimshukuru Mungu.

Aliandika amri ya kuorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Kibodi ilikuwepo. Chini yake kilikuwepo kipanya. Agnetha alitazama waya uliokuwa ukining'inia mkononi, akatazama tena kioo. Jua lilikuwa la utosi, mtaa mzima umetulia, na harufu ya udongo mbichi ikaingia dukani, udongo wa kina kirefu, uliochanganyika na moshi wa baruti.

"Mzee Pantaleo," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo."

Pantaleo, mchimbaji wa zamani aliyelishwa vumbi mpaka mapafu yakamgomea, alikuwa akitengeneza redio kizingitini. Aliingia, akanusa, uso ukambadilika.

"Mayu wane, mama yangu! Umeifanya nini hiyo?"

"Nimeigawa diski tu, baba. Fungu moja la mfumo, jingine la mafaili. Lililobaki nimeliacha tupu, nitalipangia kazi baadaye."

"Umeliacha bila kumtaja mwenyewe?"

"Ndiyo. Kuna ubaya?"

Mzee alizidi kushusha sauti. "Kule duarani tukigawa viroba vya mawe, kila fungu huitwa jina la mwenyewe, hata la mpishi. Lisiloitwa ni la yule wa chini. Lipe jina, mwanangu. Fanya upesi."

Siku nyingine Agnetha angecheka. Siku hiyo aliogopa, akaogopa kweli. Alifungua programu ya kugawa diski, na fungu aliloliacha tupu akalikuta limejaa pomoni, na chini ya sakafu ya saruji, mahali pasipo na shimo wala mtaro, nyundo ikaanza kugonga tindo, mbali kwanza, halafu karibu, halafu chini ya kiti chake kabisa, huku mshale ukikimbia kufunga kila dirisha alilolifungua, naye akalifungua tena kwa kibodi peke yake, Pantaleo akikohoa na kunong'ona sala nyuma yake, mpaka akalifuta fungu lile, akaliunda upya, na kwenye nafasi ya jina akaandika: AGNETHA.

Nyundo ikanyamaza. Alichomeka kipanya, akakisogeza, na mshale ukamfuata kwa utii. Agnetha akacheka huku machozi yanamtoka.

"Ametoka, baba?"

Pantaleo hakucheka. Alikuwa bado ananusa. "Huyo akinyang'anywa fungu hutafuta jingine. Humu ndani kuna kitu chochote kisichoitwa jina?"

"Hakuna. Kila kitu ni changu, au cha mteja ninayemjua."

Kisha akaona macho ya mzee yametua wapi.

"Huyo," Pantaleo alisema taratibu, "mmeshampa jina?"

Kwao mtoto hapewi jina kabla ya kuzaliwa, na baada ya misiba miwili yeye na mumewe Donatus hawakuthubutu hata kulitaja wakiwa peke yao. Agnetha alitikisa kichwa.

"Mwite, mwanangu. Mwite sasa hivi!"

Alilikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Hospitali walishamwambia ni wa kike, na jina la marehemu mama yake ndilo lililomjia.

"Euphrasia," alinong'ona. "Wewe ni Euphrasia. Wewe ni wangu, mama, unasikia? Euphrasia!"

Mtoto akajigeuza. Na kutoka humo humo tumboni, sauti nzito ya mwanamume, iliyokauka kwa vumbi, ikamwitikia:

"Naam."